Jinsi ya kumtoa mama mzee mtoko au sherehe akafurahi kweli, sio kuvumilia tu

Kuna vitu viwili watu tunavichanganya sana, mama kuwepo kwenye shughuli na mama kufurahia shughuli. Mama wa miaka sabini na kitu unaweza kumvalisha sare, ukampeleka ukumbini saa kumi na moja jioni, ukamkalisha meza ya mbele kabisa karibu na spika, akapigwa picha na kila mtu, akarudishwa nyumbani saa saba usiku miguu imevimba, na asubuhi ukimuuliza anakwambia "nimefurahi sana mwanangu, Mungu awabariki". Atasema nini kingine? Anaona mmejigharimu, anaona mmemkumbuka, hawezi kukuvunja moyo. Kwahiyo usipime kwa maneno yake, pima kwa jinsi alivyokaa, alivyokula, alivyoongea na watu, na kama mtoko ukija mwingine anauulizia mwenyewe.

Haya naandika kwa anayetaka ile furaha iwe ya kweli. Mifano mingi ni ya Dar maana ndiko tunakoishi na mama yetu, na safari za kwenda kwao Kilimanjaro, ila ukiwa Tanga au Mwanza au Mombasa utabadilisha majina ya sehemu tu. Na msingi wake ni huu: siku ipangwe kuanzia kwa mama, halafu wengine ndio wafuate. Muda wake, kiti chake, choo chake, watu wake. Vijana mna magoti, mtajiongeza.

Anza na namna ya kumuuliza

Ukimuuliza mama mzee "mama utaweza kwenda?" umeshamaliza mchezo hapo hapo. Atakujibu "nendeni tu wanangu mimi nabaki naangalia nyumba". Hilo jibu wamama wa kwetu wanalo tayari mdomoni, na mara nyingi halina uhusiano na anachotaka. Anaogopa kuwa mzigo, anaogopa kuwachelewesha, anaogopa kujikojolea mbele za watu, na hayo hayasemi. Muulize kwa namna inayoonyesha kwamba kwenda kumeshaamuliwa na yeye yumo ndani ya mpango, "mama tunaenda Bagamoyo, tuende Jumamosi au Jumapili baada ya misa?" au "mama kitenge hiki hapa, fundi anakuja kesho kukupima". Uone sura inavyobadilika.

Halafu muulize anataka kwenda WAPI, na uwe tayari kwa jibu ambalo wewe hukulitegemea. Sisi tunawaza bichi na hoteli na mol, kumbe mama anataka kwenda kumuona rafiki yake waliyekuwa wanafanya naye kazi zamani anaumwa Mbagala, au kwenda kwenye kaburi la baba, au kuona shamba la Kibaha kama ile miembe bado ipo, au kusali parokia ile aliyofungia ndoa. Mtoko wa kumtembelea mzee mwenzake nauweka juu kuliko mtoko wowote wa gharama. Wazee wa umri huo wanapungukiwa watu wanaowaita kwa jina lao, kila mtu anamuita mama au bibi, akikutana na mtu anayemuita jina la usichana wake na wakaanza kukumbushana habari za mabinti wa bweni, ule mchana wote umeshajaa. Kazi yako hapo ni usafiri na kukaa pembeni kimya, usiwachangie mada. Beba na sukari, mchele, sabuni, maana mama hataki kwenda mikono mitupu na hilo lina uzito kwake, mpe yeye akabidhi.

Kuchagua sehemu

Kabla hujampeleka mama sehemu nenda mwenyewe kwanza au piga simu uulize maswali ya kijinga kabisa. Gari linaishia wapi, kutoka kwenye gari mpaka kiti kuna hatua ngapi, kuna ngazi, ngazi zina pa kushikilia, viti vina mikono, kivuli kipo saa ngapi, choo kikoje. Picha za Instagram haziwezi kukuonyesha ngazi.

Coco Beach ni sehemu nzuri kwa mama ila sio Jumapili jioni, Jumapili jioni pale ni msongamano, muziki tano tofauti kwa pamoja na pikipiki zinapita. Nenda siku ya kazi asubuhi au saa kumi, mihogo na madafu vipo, upepo upo. Angalia na maji, maji yakijaa ufukwe unakuwa mwembamba na mnabanana, yakikupwa kuna nafasi ila usimtembeze mbali kwenye mchanga laini maana mchanga unachosha nyonga na magoti kuliko tunavyodhani, na kiti cha magurudumu mchangani hakiendi. Muweke juu penye ardhi ngumu aione bahari, watoto ndio washuke.

Kigamboni kuna fukwe tulivu zaidi. Nashauri upite darajani, lile lililofunguliwa 2016, usimpitishe mama kwenye pantoni kwa miguu, lile kundi likianza kukimbia kuwahi kivuko mzee anaweza kusukumwa.

Kijiji cha Makumbusho pale barabara ya Bagamoyo wengi mnakipita kila siku na daladala bila kuingia. Kuna nyumba za asili za makabila mbalimbali ya Tanzania, unaingia unaona jinsi watu walivyokuwa wanalala, wanapika, wanahifadhi nafaka. Kwa mama mzee aliyezaliwa kijijini hii sehemu inamgeuza yeye kuwa mwalimu. Wajukuu wataambiwa kinu kile kilikaa wapi, moto uliwashwaje, ng'ombe walilala upande gani. Mpe muda, msizunguke zote, nyumba tatu nne zinatosha halafu mkae kivulini mnywe maji.

Bagamoyo ni kama kilomita sabini hivi kutoka mjini, kwa mama Mkatoliki ile misheni ya zamani iliyoanza 1868 ina kitu cha kumpa, kanisa, makumbusho, msalaba mkubwa kule ufukweni, na njia yenye miembe mikubwa. Ana nafasi ya kukaa akasali rozari yake bila mtu kumharakisha. Mkitoka hapo mnaenda kula samaki, na samaki wa mama mchambue wewe, miiba midogo na macho yenye mtoto wa jicho haviendani.

Na kuna treni ya SGR, ile mpya ya umeme. Tangu ilipoanza kwenda Morogoro katikati ya 2024 imekuwa mtoko wenyewe, kwa wazee naipenda kuliko gari, unakaa wima, kiti kizuri, choo kipo humo humo ndani, unaweza kusimama ukanyoosha miguu, na masaa mawili hivi umefika. Mama yetu alipanda treni ya zamani akiwa msichana, kwahiyo njia nzima alikuwa anatuonyesha milima. Angalizo, humo ndani kiyoyozi ni kikali, beba sweta na kitenge cha kufunika miguu. Beba kitambulisho chake, na fikeni mapema sana stesheni ili asikimbizwe, uliza lifti iko wapi kabla hujamuanzisha kutembea. Mnafika Morogoro, mnakula mchana mahali penye kivuli, mnaangalia milima ya Uluguru, mnarudi jioni.

Choo, choo, choo

Nimeirudia makusudi. Mitoko ya wazee inafia hapa na hakuna anayesema kwa sauti. Mama akishajua kuna uwezekano wa kukosa choo anaanza kujinyima maji tangu asubuhi, hanywi hata chai, anakaa juani Dar hii ya Desemba na Januari, saa nane mchana anaanza kizunguzungu mnasema presha. Wazee wenyewe kiu yao imepungua, mwili umeishiwa maji na yeye hasikii, na mkojo ukikaa mzito hivyo hatari ya UTI, yale maambukizi ya njia ya mkojo, inapanda, na UTI kwa mzee inaweza ikamchanganya kabisa akili mkadhani ni kitu kingine.

Kwahiyo, mkifika tu sehemu yoyote kabla ya kukaa, mpeleke mama chooni au angalau umuonyeshe. Kama magoti yana shida choo cha kuchuchumaa hakimfai hata kiwe kisafi namna gani, uliza cha kukaa. Beba tishu zako, sabuni ndogo, chupa ya maji, kanga mbili za ziada na sketi moja ya kubadilisha, uviweke kwenye begi lako wewe na sio lake ili asione aibu. Pampasi za watu wazima zinauzwa maduka ya dawa, na kwa safari ndefu au harusi ni msaada mkubwa, ila mwenye kumwambia awe binti yake au mtu anayemuosha kila siku, faragha, kwa lugha ya heshima, "mama nimekuwekea hii ya safari ili usihangaike". Usimwambie mbele ya mkwe.

Kama anatumia zile dawa za presha zinazokojoza, usimkatize kwa sababu ya mtoko. Hili linafanyika sana na ni hatari. Muulize daktari wake mapema kama siku hiyo muda wa kunywa unaweza kusogezwa, mara nyingi kuna namna.

Saa za mama

Mama mzee ana saa zake nzuri, zitafute. Wengi ni kuanzia saa tatu asubuhi mpaka saa nane, baada ya hapo anahitaji kujinyoosha. Mtoko wa masaa matatu uliokaa ndani ya saa zake unashinda mtoko wa siku nzima. Mkitaka wenyewe kuendelea mpaka usiku, sawa, ila apatikane wa kumrudisha mama bila kununa, na huyo apangwe kabla na sio muanze kutazamana.

Kwa wale ambao mama ameanza kusahau sana, jioni ni ngumu zaidi, giza likiingia wengi wanaanza kuhangaika, kuuliza "tunaenda nyumbani lini", kutotambua watu. Mpe asubuhi, sehemu tulivu, watu wachache, na mtu mmoja anayemjua vizuri asimuache hata dakika. Andika namba ya simu kwenye karatasi uweke mfukoni mwake au ushone kwenye gauni. Usimfanyie mtihani wa "mama huyu nani, unamkumbuka huyu?" mbele za watu, inaumiza sana, mtaje wewe mwenyewe, "mama, Neema huyu amekuja kukusalimia, yule mtoto wa mwisho wa shangazi".

Kuingia na kutoka kwenye gari

Watu wanamvuta mama mkono aingie kwenye gari kichwa kwanza, hapana. Mgeuze, mgongo uelekee kiti, ashike mlango au dashibodi, akae kwanza matako halafu ndio azungushe miguu yote miwili kwa pamoja, wewe mkono mmoja ulinde kichwa chake kisigonge. Mfuko wa nailoni laini juu ya kiti unasaidia ateleze kugeuka, mkishamaliza utoe. Gari ndogo kama IST kwa mwenye magoti mabovu inakuwa chini sana kunyanyuka, Noah na zile gari ndefu kupanda ndio tatizo, hapo beba kigoda kifupi imara cha kukanyagia. Ukiita Bolt mpigie dereva kabisa mwambie una mzee, asimamishe mahali pa tambarare na asiharakishe, wengi ni waelewa ukiwaambia. Bajaji ni rahisi kuingia, ila kwa barabara za mitaani zenye mashimo mgongo unapata taabu, iwe ya karibu tu.

Akishuka asisimame na kuondoka papo hapo. Akae pembeni ya kiti miguu chini dakika moja mbili, ndio asimame, ashike kitu, ndio atembee. Wanaotumia dawa za presha ndio kabisa, akinyanyuka ghafla presha inashuka anaona giza. Na mkongojo wake usiachwe nyumbani eti hautapendeza kwenye picha, ufunge riboni ya rangi ya sare kama unataka upendeze.

Sasa sherehe zenyewe

Hapa ndio penye kazi maana harusi na sendofu zetu zimetengenezwa kwa ajili ya vijana. Kadi imeandikwa saa kumi na mbili, maharusi wanaingia saa mbili na nusu, chakula saa nne na nusu au saa tano, na muda wote huo dijei anapiga kama tuko uwanjani. Mzee wa watu kakaa hapo toka jua linazama.

Kwanza, mama asiende na basi la kwanza la wanakamati. Aende mwishoni. Muwe na mtu ukumbini anayepiga simu, "maharusi wapo kona ya mwisho", ndio mama anatoka nyumbani akiwa ameshakula, ameshalala mchana, ameshapaka mafuta anang'aa. Kama sherehe ni yenu mnaweza kupigania kabisa iwe ya mchana. Kamati zitalalamika kwamba mchana haina mzuka, lakini wazee wote wa pande zote mbili watawashukuru, na bajeti ya ukumbi sehemu nyingine mchana inapungua.

Kiti. Mama wa mwenye shughuli lazima awe mbele, sawa, ila mbele sio lazima iwe kwenye spika. Zungukeni na dijei kabla watu hawajaingia, mwambie meza hii ina wazee, spika hii igeuzwe. Kwa mtu ambaye masikio yameanza kupungua nguvu, kelele hazimsaidii kusikia, zinammalizia hata kidogo alichokuwa anasikia, anabaki anatabasamu tu hajui kinachoendelea. Atakayekaa naye aongee akiwa mbele ya uso wake, taratibu, sio kumpigia makelele sikioni. Kiti kiwe na mikono ya kushikilia kunyanyukia, zile plastiki nyembamba zinateleza na zinapasuka miguu, na vile viti vya kufunikwa vitambaa vingine havina mikono kabisa, beba kiti kutoka nyumbani hakuna atakayekucheka. Mto mdogo wa mgongoni, kistuli cha miguu chini ya meza, kitambaa cha meza kinaficha.

Chakula cha mama kisisubiri foleni ya bufee. Ongea na mpishi mapema, sahani yake ijazwe saa yake ya kawaida ya kula, nyama laini, isiyo na mifupa, wali sio mkavu, mboga, chumvi kidogo, maana pilau na rosti za shughuli zinakolezwa chumvi na mwenye presha ataijua kesho yake. Au hotipoti kutoka nyumbani, mtori wake, sawa tu. Mwenye sukari ndio muangalifu zaidi, kama anachoma insulini ya kabla ya kula asichome mpaka sahani iwe mbele yake, kwasababu ukiambiwa "chakula kinakuja sasa hivi" ukumbini inaweza kuwa lisaa zima. Ukimuona anatoka jasho, anatetemeka, anaongea visivyoeleweka, pima kama mna kipimo, sukari imeshuka hapo, mpe vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji au nusu glasi ya soda ya kawaida yenye sukari kama anaweza kumeza, subirini robo saa mpime tena, akishakaa sawa ale chakula. Asipoweza kumeza msimlazimishe kitu mdomoni, hospitali moja kwa moja. Mimi naona kila familia yenye mama mwenye sukari hii inatakiwa wajue wote mpaka watoto wa sekondari.

MC. Kaa naye chini kabla. MC mwingine anaona sifa kumuita mama ghafla "mama mzazi tunaomba uje katikati userebuke" na watu wanapiga makofi, mama hawezi kukataa. Mwambie MC kabisa mama anacheza akiwa amekaa, au atasimama mara moja tu kwenye wimbo huu hapa, na kama ni nasaha maiki iletwe mezani. Zawadi na keki zije kwake alipo, au kama ni ndafu kule kwetu, yule mbuzi mzima wa kuchoma, wanaomlisha wamfuate na wamkatie sehemu laini. Na zamu yake iwe ya mwanzo mwanzo sio saa sita usiku akiwa ameshaanza kusinzia.

Wimbo huo mchagueni naye. Muulize mlipokuwa vijana mlicheza nini, dansi la bendi gani, kwaya gani, taarabu gani. Dijei akipiga ule wimbo, hata mama wa kiti cha magurudumu utaona mabega yanaanza. Hapo wajukuu wakizunguka kiti chake ile ndio picha ya shughuli nzima, mpiga picha aambiwe mapema.

Mpe kazi

Hili kwangu ndio kubwa kuliko yote niliyoandika. Mama aliyepika shughuli za ukoo mzima miaka hamsini, leo mnamwambia "mama wewe pumzika tu", mnadhani mmemheshimu. Anakaa kama mgeni kwenye shughuli ya mtoto wake. Mpe kazi inayolingana na mwili wake na iwe ya kweli, sio ya kumzuga. Achague kitenge cha sare na neno lake liwe la mwisho. Aonje pilau aseme kama viungo vimetosha. Achambue mchele akiwa amekaa, asimamie sadaka, ashike bahasha, aombee chakula, aseme nani hajaalikwa ambaye akiachwa italeta maneno, maana yeye ndiye anayejua undugu wote ulivyofungana. Mtoko wa familia, yeye ndiye aamue mnaondoka saa ngapi.

Kwenye Idi kwa wifi yangu, bibi yao hatoki kwenda popote baada ya swala, anakaa kwenye kochi lake sebuleni na watoto wa mtaa mzima wanakuja kusalimia na kupewa mkono wa Idi. Chenji mpya zimeandaliwa kwenye kikapu kidogo, anampa kila mtoto na kumuuliza yuko darasa la ngapi. Wapishi ni wakwe na wajukuu, yeye hashiki sufuria, lakini hakuna anayeweza kusema Idi ile sio yake.

Kwenda kijijini mwisho wa mwaka

Kwa sisi wa Kilimanjaro Desemba mama lazima afike nyumbani, na kutoka Dar mpaka Moshi ni zaidi ya kilomita mia tano, basi ni siku nzima. Kama uwezo upo mpandisheni ndege mpaka KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, ni kama lisaa tu, michango ya vinywaji ipunguzwe ikanunue hiyo tiketi. Kama ni gari binafsi msiende ile wiki ya mwisho ambayo kila mtu yuko barabarani, nendeni mapema, simameni kila baada ya lisaa na nusu mpaka masaa mawili, Chalinze, Segera, Mombo, Same, ashuke atembee kidogo hata kama anasema hajachoka, na ndani ya gari azungushe vifundo vya miguu. Kugawa safari mkalala Korogwe au Same sio anasa kwa mtu wa miaka themanini. Mguu mmoja ukivimba na kuuma baada ya safari, ule mmoja tu, msikande na mafuta, nendeni hospitali siku hiyo hiyo, inaweza kuwa damu imeganda. Dawa zote ziwe za siku zaidi ya mlizopanga, kwenye begi la mkononi, na karatasi yenye majina ya dawa na dozi mpige picha ikae kwenye simu za watu wawili.

Kule kijijini wageni watamiminika kumuona. Wekeni utaratibu, saa za kupumzika mlango ufungwe, na awepo mtu wa kusema "mama amelala kidogo karibuni jioni" bila kuogopa kuonekana ana kiburi. Usiku wa mlimani baridi inamshika aliyezoea Dar, soksi na blanketi la ziada, na taa ndogo iwake njia ya chooni usiku kucha.

Nani anashika zamu

Kwenye familia nyingi yupo binti mmoja anayemuogesha mama, anayempa dawa, anayejua kila kitu, na siku ya sherehe ni yeye tena anayekaa kwenye kiti cha pembeni anamlisha wakati wengine wanakata mauno. Hiyo sio haki jamani. Siku ya mtoko ndio siku ya kumpumzisha huyo. Gawaneni masaa kwenye grupu la wasapu, kaka kuanzia saa kumi mpaka saa kumi na mbili, shemeji wa pili mpaka chakula, mjukuu mkubwa kumrudisha nyumbani, na kila mmoja aambiwe kabisa dawa ipi saa ngapi. Watoto wa kiume msijifiche kwenye kulipa hela, kumsindikiza mama mpaka mlango wa choo na kumsubiri nje na wewe unaweza.

Siku inayofuata mama asipangiwe kitu. Alale, anywe uji wake, maji mengi, miguu juu ya mto. Picha chache zisafisheni studio kwenye karatasi, kubwa kidogo, za kwenye simu haoni vizuri na zinapita haraka mno, ukimpa picha ya kushika mkononi ataiangalia wiki nzima na kila mgeni akija anaonyeshwa.

Na kama mama kweli kabisa hawezi kutoka, au amekataa na umeona kwamba safari hii kukataa kwake ni kwa kweli, msilazimishe. Wapelekeeni sherehe nyumbani. Bibi harusi na bwana harusi wapite kwa mama na nguo zao kabla ya kwenda ukumbini, wapige magoti wabarikiwe, walishwe kipande cha keki kilichowekwa pembeni kwa ajili hiyo, dakika ishirini zinatosha. Mwambieni dereva na mpiga picha tangu wiki moja kabla na iandikwe kwenye ratiba, maana ukija kuwaambia kamati siku yenyewe saa kumi na moja jioni watakwambia muda hakuna.